Matawi ya Mzee Zablon

Itundulu,
Jumamosi, 13 Januari 2024

Shemeji Tekla,

Hamjambo huko Ulyankulu? Ange ameamkaje, homa imeshuka? Mimi nimefika salama tangu juzi Alhamisi, na mbolea yote imeingia ghalani kavu kabisa, hata mfuko mmoja haukulowa. Wakulima wa tumbaku wamenipokea kama bwana harusi. Mama mmoja alinipigia vigelegele, nikajiuliza kama anapigia mbolea au sura yangu.

Usishangae kuletewa karatasi badala ya kupigiwa simu. Mnara wa huku umekufa tangu mvua za Krismasi, na simu yangu sasa kazi yake ni kumulikia tu. Barua hii anaileta Wenceslaus, mrina asali mwenye baiskeli, anayejua kijia cha miguu kinachozungukia kwenye chanzo cha mto. Anasema ni siku moja na nusu. Mpe chai, kisha umrudishe na majibu.

Shida yangu ni hii. Senta bolti, ile inayoshika majani ya springi ya nyuma, imekatika na jani moja kubwa limevunjika, gari limeinama upande mmoja kama kuku mgonjwa. Mumeo Fideli najua bado yupo hapo nyumbani, maana nilipopita asubuhi ile tuongozane mliniambia amempeleka mtoto zahanati. Basi asianze safari kabla hajaninunulia hivyo vitu viwili. Na apite njia ya juu, kama nilivyopita mimi. Ni ndefu na ina utelezi, lakini inapitika.

Mpe baba yako, Mzee Zablon, shikamoo yangu. Mwambie nimetii. Najua alinitilia shaka aliponiona nimeichomeka simu kwenye kioo na yule mwanamke wa ndani akaanza kuniamuru geuka kushoto, geuka kulia. Akaniambia mbele yako, "Plasidi, simu yako inajua njia, haijui masika. Njia ya Wapagazi nimeifunga kwa matawi. Usiyaguse." Nikamwapia. Matawi yake niliyaona kwa mbali, nikayapigia saluti, nikapanda zangu juu. Mzee aliyenidhamini kwa mwenye gari mpaka nikapewa usukani, nitamvunjiaje heshima?

Mwambie Fideli yule mwanamke wa simu, anayemwita mke wangu wa pili, anamsalimu sana.

Shemeji yako,
Plasidi


Ulyankulu,
Jumatatu, 15 Januari 2024

Shemeji Plasidi,

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika ulipoandika kwamba Fideli yupo nyumbani, ilibidi nikae chini.

Fideli hayupo. Aliondoka Alhamisi ileile, saa tisa alasiri. Alirudi na Ange kutoka zahanati, akala ugali akiwa wima, akasema asipokuwahi utamcheka mwaka mzima, akawasha gari. Alikuwa peke yake, unajua hana tingo wa kumsaidia garini tangu mwenye gari alipopunguza watu. Mimi siku zote hizi nimelala usingizi wangu nikijua mko pamoja. Jana kanisani nimewaombea nyote wawili kwa mpigo mmoja, kumbe mwenzako hujamwona hata kwa macho.

Sasa niambie, shemeji, na uniambie kila kitu. Kama ulipita njia ya juu, na yeye angepita hiyohiyo. Hukukuta daraja limebomoka? Hukupishana na mtu? Baba ametoka leo na wanaume wanne wa jumuiya kwa pikipiki mbili. Wataanza na njia ya juu mpaka pale itakapowashinda.

Baba ana swali moja. Springi ilikuvunjikia wapi? Unajua aliendesha lori la ushirika miaka ishirini na sita na njia ile anaijua kama kiganja chake. Anasema ni udongo mwekundu mwanzo mpaka mwisho, haina jiwe la kuvunja springi. Labda mvua imefukua shimo jipya, na kama lipo, huenda Fideli ametumbukia hapohapo. Tutajie mahali penyewe.

Wenceslaus nimemnyima hata kupumzika. Niombee msamaha kwake.

Tekla


Itundulu,
Jumatano, 17 Januari 2024

Shemeji Tekla,

Nimeipata barua yako sasa hivi. Pole sana. Jipe moyo, Fideli ni mtu mzima na dereva kamili, huenda amekwama mahali anasubiri udongo ukauke. Sisi madereva wa masika tumezoea kulala porini wiki nzima na kutoka tumenenepa.

Kuhusu springi, ilikuwa kwenye shimo, baada ya kile kilima cha pili, au cha tatu. Mvua ilikuwa kali na akili yangu ilikuwa kwenye usukani, sikupakariri vizuri. Sikupishana na mtu yeyote. Daraja nililikuta zima.

Lakini nawashauri, mkipata nafasi, mtupie jicho pia Njia ya Wapagazi. Sisemi kwamba yuko huko. Nasema tu dereva akichoka na jioni ikiingia, anaweza kuamua kukatisha. Kutokea njia panda mpaka huku ni kilomita thelathini na kitu, na ya juu ni zaidi ya tisini. Mtu anaweza kushawishika. Tazameni tu.

Ningekuja mwenyewe, ila gari haliwezi kutembea na siwezi kuliacha. Mwambie Mzee asijichoshe, umri wake si wa pikipiki za porini.

Mimi shemeji yako,
Plasidi


Ulyankulu,
Ijumaa, 19 Januari 2024

Shemeji Plasidi,

Njia ya juu wameimaliza yote mpaka mto ulipowakatisha, karibu kabisa na huko kwenu. Wameangalia kila korongo. Shimo baada ya kilima cha pili halipo. Baada ya cha tatu halipo. Watu wa nyumba nane zilizo kandokando ya njia wameulizwa, na wote wanasema tangu mwaka mpya hawajasikia lori. Hata la kwako hawakulisikia. Baba amesema watu wa huko hulala mchana. Mimi nimelifikiria jambo hilo.

Njia ya Wapagazi baba amekataa kwenda, na nitakueleza kwa nini, maana wewe ulikulia kambini kwa wakimbizi na habari hii huenda unaijua nusu. Babu wa baba alikuwa mpagazi wa misafara ya Ujiji. Yule aliyewatangulia wenzake, kila alipokuta njia ya pembeni isiyofaa, alikata matawi akayalaza kuivuka, ili walio nyuma, wengine nyuma kwa nusu siku, wasipotelee huko. Baba aliichukua desturi hiyo akaileta kwenye malori. Madereva wote wa upande huu wanajua. Majani machache barabarani, gari limeharibika mbele, punguza mwendo. Matawi mazima yamelazwa kuvuka njia, rudi. Fideli amemwoa binti wa mtu huyo. Kukatisha juu ya matawi ya baba hawezi, ni afadhali alale njaa. Na ramani ya simu isingemdanganya, ana kitochi cha vitufe, wewe mwenyewe humcheka nacho.

Tena matawi yapo. Baba alipita pale Ijumaa ya tarehe kumi na mbili akienda kwenye mizinga yake. Alikuta ng'ombe wa wafugaji, kwa hesabu yake asubuhi ileile, wameyavuruga na kuyatupa pembeni kwenye nyasi, akakata mengine mabichi akaifunga njia upya. Pale mwanzoni ni mwamba mtupu, hapashiki alama ya tairi, lakini lori lingekuwa limepita wakati imefungwa, matawi yangevunjwavunjwa. Yalikuwa mazima, yametupwa tu.

Kwa hiyo tunatafuta wapi, shemeji? Niambie! Mwenye gari amekwisha kuandikisha polisi kwamba Fideli ametoroka na mbolea. Wamekuja nyumbani, wamepekua hadi chini ya kitanda cha Ange. Na majirani, wale tuliokula nao Krismasi, wanasema "kaenda kwao." Kwao wapi? Amezaliwa hapa, amebatizwa hapa, Burundi anaijua kwa kusimuliwa. Jana nilimkuta mtoto amekaa barabarani anasikiliza kila injini inayopita. Anaijua ya baba yake. Anasema, "Hiyo siyo. Hiyo siyo."

Nakuomba, Plasidi. Kama kuna neno hukuliandika kwa sababu yoyote ile, hofu, aibu, gari la watu, liandike sasa. Sitakuuliza kwa nini. Nataka mume wangu.

Tekla


Itundulu,
Jumapili, 21 Januari 2024

Tekla,

Usimalize kusoma. Mwite Mzee kwanza, waende NJIA YA WAPAGAZI, mpaka mtoni. Waende na jeki, kamba na shoka. Yaliyobaki utayasoma wakishaondoka.

Mimi ndiye niliyeyaondoa matawi.

Nilifika njia panda saa sita mchana. Simu ikasema geuka kushoto, kilomita thelathini na moja. Jua lilikuwa linawaka na mbuga ilionekana kavu mpaka mwisho wa macho. Nikasema moyoni, mzee huyu anaogopa mvua ya mwaka jana. Yalikuwa matawi makubwa ya miiba, nikaogopa tairi. Nikashuka, nikayavuta moja moja, nikayatupa kwenye nyasi. Nilikusudia kuyarudisha nikishapitisha gari. Nikapitisha gari, nikatazama kwenye kioo, nikaona ni hatua kama thelathini kurudi, na jua lile. Nikakanyaga mafuta. Ni hatua thelathini, Tekla. Nimezihesabu kila siku.

Mtoni maji yalikuwa hayajafika hata nusu ya tairi. Jiwe la mtoni ndilo lililokata springi, na shimo nililitunga. Jioni hiyo mvua ikashuka kule milimani, mto ukajaa kwa mara moja, nami nikalala nikijisifu kwamba nimewahi.

Barua ya kwanza nilidanganya kwa sababu ya aibu tu. Nilijua Mzee atasomewa, na nilitaka aendelee kuniona mtu. Sikujua kama inamhusu Fideli. Ilipokuja barua yako nilijua, nilijua palepale, kabla sijaimaliza. Nikaandika "mtupie jicho." Nilitaka apatikane na mimi nibaki mtu mwema. Sikujua Mzee ameyarudisha matawi kwa mkono wake mwenyewe.

Na kuna jingine, bora ulisikie lote mara moja. Alhamisi hii nilikwenda mtoni upande wa huku. Maji yamefunika kila kitu na matete ni marefu kuliko lori. Nikaita jina lake. Niliita mara mbili. Hakuna aliyeitika, na kusema kweli ukimya ule ulinifurahisha, nikajiambia basi hayupo huku. Nikarudi kijijini nikanywa chai.

Leo nimejaribu kuvuka, watu wamenivuta kwa shati. Wenceslaus hajashuka kwenye baiskeli, ananisubiri nimalize. Nimemwambia akimbie.

Plasidi


Ulyankulu,
Jumatatu, 29 Januari 2024

Plasidi,

Barua yako ilifika Jumatatu iliyopita jioni. Jumanne alfajiri wakatoka, na kabla ya saa nne walikuwa wamempata. Gari limelala ubavu kwenye mbuga, upande wetu, hatua mia tatu hivi kabla ya mto. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa chini ya usukani. Mganga wa zahanati alimtazama akasema hajamaliza siku mbili tangu akate roho. Nilimwomba arudie, akarudia. Tulimzika Jumatano.

Waliosema ameenda kwao ndio walioimba kwa sauti kubwa kaburini. Polisi wamekuja kutoa pole.

Aliandika. Alikuwa na kalamu ya risasi, akaandika nyuma ya hati za mzigo, juu amepanga siku vizuri kama daftari la shule. Mengi ni yangu na sitakunakilia. Haya ni yako pia, kwa hiyo nakupa.

"Alhamisi. Tekla, nimefika njia panda jioni, hakuna matawi. Nikajua baba ameifungua njia, maana baba hasahau. Maji yamenikuta katikati ya mbuga, gari limezama, kisha likalala. Mguu umebanwa. Usimlaumu baba, huenda kuna mtu ameyaokota kwa kuni."

"Jumapili. Mvua naikinga kwa kifuniko cha chupa ya chai. Unga upo, sukari ipo. Plasidi yuko mbele. Akiona sijafika atarudi kunitazama."

"Jumatano. Mguu siusikii tena, ni nafuu. Plasidi atakuwa anatengeneza gari, yule hawezi kutulia."

"Alhamisi. Nimesikia mtu ananiita. Mara mbili. Nimeitika, sauti haitoki. Nimepiga bati la mlango kwa spana mpaka mkono umechoka. Ni sauti ya Plasidi. Sasa amejua nilipo, ameenda kuleta watu."

Ijumaa na Jumamosi ameandika kwamba mnakuja. Jumapili ameandika jina la Ange tu.

Nilisema sitakuuliza kwa nini, na sikuulizi. Hata kulia mbele ya barua yako siwezi, nikianza nakuona umekaa unakunywa ile chai. Nakuandikia kwa ajili ya baba.

Siku ile barua ilipofika, niliwasomea wale wanaume nje mistari ya mwanzo tu, na baba alikuwa upande wa pili anafunga kamba kwenye pikipiki. Alichosikia ni Njia ya Wapagazi tu. Mengine hajayasikia, na macho yake hayasomi tena. Mpaka leo anaamini ni ng'ombe. Anaamini Fideli alipita matawi yakiwa yametupwa na ng'ombe, na yeye, kesho yake asubuhi, akasimama pale njia panda, akakata matawi mabichi, akamfungia mkwewe njia akiwa hai ndani yake. Anasema angeshuka kidogo tu kwenye mbuga angeona magurudumu. Anasema ni yeye aliyewazuia watu wasiende, siku nane nzima, kwa kujiamini. "Nimemfungia mlango na nikakaa nao ufunguo." Maneno ni hayohayo, kutwa.

Tangu maziko hajala. Uji anaukoroga kwa kijiko, anaurudisha. Maji anakunywa nikimshika kichwa.

Mara nne nimefungua mdomo nimwambie ni wewe, nikaufunga. Usidhani nilikuhurumia. Nikimwambia mimi, atasema namfariji, namtafutia mtu wa kumtwisha mzigo wake. Nikimsomea barua yako, atasema nimeitunga, na hawezi kuisoma mwenyewe. Tena barua zako amekwisha kusomewa mbili, zote akaziamini. Imebaki kinywa chako. Ukae mbele yake, umshike mkono aujue ni wako, useme, "Baba, si ng'ombe. Ni mimi." Akikupiga, upigwe. Akinyamaza, ukae hapohapo mpaka aombe chakula.

Nasikia mnara wa huko umetengenezwa. Usipige simu, na barua yako nyingine sitaipokea. Kijia cha Wenceslaus ni siku moja na nusu, miguu unayo.

Leo ni siku ya tano hajala. Fideli alikungoja siku kumi. Baba hatazifikisha.

Tekla